Munganga Küchenmeister na kondoo wenye kuzunguka

Leo tunawaletea maisha ya mtu mmoja wa Ujerumani, munganga Friedrich Küchenmeister. Jina lake ni gumu kwa ulimi, tunajua, lakini muwe na uvumilivu. Kazi yake ilianza na kichwa cha kondoo mgonjwa, na mwisho wake unafika mpaka mu sahani ya nyama ya ngulube yenye tunakula siku ya mshahara.

Tuanze na kondoo. Wakati ule, karne ya 19, inchi ya Saxony, upande wa mashariki wa Ujerumani, ilikuwa inchi ya kondoo. Mwaka 1765 mfalme wa Hispania alikuwa amewatumia kondoo wa merino, wale wenye manyoya laini kupita wote, na tangu siku ile sufu ya Saxony ilijulikana Bulaya yote. Mwenye kundi kubwa alikuwa tajiri. Lakini kila mwaka, mu kila kundi, kulikuwa wana-kondoo wa miezi sita, mwaka moja, wenye kuanza mambo ya ajabu. Mnyama anaacha wenzake. Anainamisha kichwa upande moja. Halafu anaanza kuzunguka, kuzunguka, palepale, sawa amefungwa kamba kwenye mti, siku nzima mpaka miguu inachimba duara mu majani. Wengine wanasukuma ukuta na paji la uso. Wengine wanakuwa vipofu jicho moja. Hawali tena, wanakonda, wanakufa. Wafaransa wanaita ugonjwa huu tournis, maana yake ni ile ile: kuzunguka.

Wachungaji walijua tayari kitu kimoja. Ukipasua kichwa cha kondoo wa namna hii, unakuta ndani ya ubongo fuko la maji. Linaweza kuwa kubwa sawa yai la kuku, ngozi yake nyembamba, maji yake meupe safi. Na ukishika vizuri ku mwangaza, unaona juu ya ile ngozi vitone vyeupe, makundi makundi, mamia na mamia. Mwaka 1780 mwalimu mmoja wa Leipzig, Bwana Leske, alitazama vile vitone, akakuta kila kitone ni kichwa cha mnyoo, sawa vichwa vya tegu. Tegu tunamjua wote: ule mnyoo mrefu, bapa sawa utepe, wenye kukaa mu matumbo na kutoka vipande vipande.

Basi, swali likawa hili. Tegu anakaa mu matumbo. Kichwa chake kimefika namna gani mu ubongo wa kondoo, ndani ya mfupa uliofungwa pande zote? Nani alimpitisha, na kwa mlango gani?

Wakubwa wa elimu walijibu kwa namna mbili. Wa kwanza walisema minyoo inazaliwa yenyewe ndani ya mwili, kutoka nyama iliyoharibika, bila baba bila mama. Wachungaji wao walisema ni jua kali juu ya kichwa, au ni majani mabaya, au ni damu ya ukoo. Wa pili, na mkubwa wao alikuwa Bwana von Siebold, mtu wa heshima sana kwa elimu ya wanyama, walisema fuko lile ni tegu aliyepotea njia. Aliingia mahali pasipo pake, akapata ugonjwa wa kuvimba maji, akabaki kilema. Kwa wao fuko lilikuwa ajali, kitu kisicho na kesho.

Küchenmeister alizaliwa tarehe 22 Januari 1821 ku Buchheim, kijiji cha Saxony. Alisoma uganga ku Leipzig na ku Prague. Kuanza mwaka 1846 alifanya kazi ku Zittau, mji wa wafuma nguo mu pembe ya inchi, karibu na mpaka wa Bohemia. Hapo hakukuwa chuo kikuu. Hakuwa na maabara ya serikali, wala wasaidizi, wala mshahara wa mwalimu mkubwa. Alikuwa munganga wa mji: kuzalisha wamama, kutazama homa, kuandika dawa, kutembea usiku wakati mtu anagonga mlango. Kazi ya minyoo aliifanya pembeni, na vyombo vyake mwenyewe. Tunasema hivi kwa sababu watu wengi wanafikiri elimu inatoka tu kwa wale wenye majumba makubwa. Huyu alikuwa na darubini, wanyama wachache, na kichwa kigumu.

Tena alikuwa mtu wa dini. Mawazo ya von Siebold yalimchoma roho. Kwake yeye, Mungu hawezi kuumba viumbe maelfu na maelfu, vyote na vichwa vizuri, na kulabu zao za kushika, halafu vyote viwe ni vitu vilivyopotea njia, vya kufa bure. Kama fuko liko na vichwa vya tegu, ni lazima lina kazi. Liko linangojea kitu. Linangojea nini? Leo wataalamu hawawezi kukubali kwamba mtu aanze namna ile, kutoka imani kwenda ku mnyoo. Sisi tunaona tu kwamba alifika.

Alifikiri hivi: kama fuko linakaa ndani ya mnyama anayeliwa, basi labda linangojea yule anayekula. Sungura anaweza kuwa na vifuko vidogo mu tumbo, sawa mbegu za maboga. Nani anakula sungura? Mbweha. Mwaka 1851 alichukua vifuko vya sungura, akawalisha mbweha. Nyuma ya majuma aliwapasua, na mu matumbo yao alikuta tegu, wakubwa na wadogo. Aliendelea. Panya naye ana fuko lake mu maini. Alilisha paka, na paka akatoa tegu. Fuko halikuwa ajali. Lilikuwa mtoto, na tegu alikuwa mtu mzima. Mtoto anakaa kwa mnyama moja, mtu mzima anakaa kwa mnyama mwingine, na njia ya kati ni meno.

Kiisha akafika ku kondoo wenye kuzunguka, na ndiyo sababu jina lake linakumbukwa. Tufuate hatua zake polepole, kwa sababu kila hatua iko na mzigo.

Hatua ya kwanza: ubongo. Mwaka 1853 alichukua fuko kutoka kichwa cha kondoo mgonjwa, akampa mbwa. Vile vichwa mia kadhaa vya ndani ya fuko vilishuka mu tumbo la mbwa, kila kimoja kikashika ukuta wa utumbo kwa kulabu zake, kikaanza kuota mwili, kipande nyuma ya kipande. Nyuma ya majuma mbwa alikuwa na tegu wengi, wenye urefu wa nusu metre na kupita. Mbwa mwenyewe alikula, alibweka, alikimbia. Haonyeshi kitu. Na hapo ndipo hatari yake: mbwa mwenye tegu hawa ni mzima kwa macho.

Hatua ya pili: mayai. Kipande cha mwisho cha tegu kikiiva, kinajaa mayai maelfu, kinakatika, kinatoka na mavi. Yai ni dogo, jicho haliwezi kuliona. Küchenmeister alichukua vipande hivi vyenye kuiva kutoka kwa mbwa wake, akawalisha wana-kondoo wazima.

Kiisha akangojea. Majuma mawili hivi, matatu, na kondoo wakaanza kuinamisha kichwa. Wakayumba. Wakazunguka. Alipowachinja na kufungua mfupa wa kichwa, alikuta juu ya ubongo njia nyembamba za rangi ya manjano, sawa njia zenye mdudu anachimba chini ya ganda la mti, na mwisho wa kila njia kifuko kidogo, hakijafika bado ukubwa wa njegere. Yai lilikuwa limefunguka mu tumbo, mtoto wake alitoboa utumbo, aliingia mu damu, na damu ilimbeba mpaka mu ubongo. Ndiyo mlango uliotafutwa. Mfupa hauzuii kitu, kwa sababu damu inapita ndani. Wale wanaofika mu nyama au mu maini wanakufa. Wanaofika mu ubongo, au mu uti wa mgongo, wanakaa, na fuko linakua miezi sita, nane, linabana ubongo upande moja. Na kondoo anazunguka kwa sababu upande moja wa kichwa chake hauna nafasi tena.

Sasa mnaona duara. Kondoo anakufa. Mchungaji anamchinja mbele hajaoza, nyama anapeleka nyumbani, na kichwa kibovu, chenye maji, anatupia nani? Anatupia mbwa wake. Mbwa wa kulinda kundi, mbwa mwaminifu, ndiye aliyekuwa anakula fuko, na kesho anapita mbele ya kundi, anaacha mayai mu majani, na wana-kondoo wanakula majani. Miaka mia na mia wachungaji walikuwa wanapanda wao wenyewe ugonjwa uliowamaliza, na walifanya hivyo kwa huruma, wasitupe nyama bure. Hatuwacheki. Kati yetu, nani alijua?

Küchenmeister alikuwa na akili nyingine: hakutaka watu wamwamini kwa neno lake tu. Mwaka 1854 alituma vipande vya tegu wa mbwa wake kwa waalimu wakubwa mu miji mbalimbali: Leuckart ku Giessen, Eschricht ku Copenhagen, na van Beneden ku Louvain mu Ubelgiji, kila moja alishe kondoo wake mwenyewe na kutazama. Walilisha. Kondoo wao wakazunguka. Ku Dresden, mwalimu wa chuo cha uganga wa wanyama, Haubner, alifanya vilevile. Mtu wa Zittau asiye na cheo alikuwa ameweka dawa ya ubishi mu bahasha.

Kuhusu huyu van Beneden wa Louvain tuongeze neno moja, sababu kile chuo ndicho kilichozaa Lovanium yetu ku Kinshasa mwaka 1954. Yeye naye alikuwa ametafuta njia ya minyoo kwa samaki na wanyama wengine, na Académie des sciences ya Paris ilimpa zawadi yake kubwa. Mu Paris kulikuwa bado wenye mashaka. Mwaka 1858 Mbelgiji huyu akafunga safari na mbwa wanne. Wengine alikuwa amewalisha vifuko vya sungura, wengine hapana. Walipasuliwa mbele ya wakubwa wa Paris: waliolishwa walikuwa na tegu, wasiolishwa hawakuwa nao. Ubishi ulikufa pale juu ya meza.

Von Siebold mwenyewe? Naye alilisha mbwa mafuko ya kondoo, akapata tegu, akaandika. Kukawa ugomvi mrefu wa nani alianza. Tena alishikilia kwamba tegu wote hawa ni wa aina moja tu, na Küchenmeister alimpinga: wa sungura si wa kondoo, na wa kondoo si wa ngulube. Küchenmeister hakuwa mtu mpole mu maandiko yake, alijibu kwa ukali, na wengi wa vyuo vikuu hawakumpenda. Tusikae sana hapa. Kuhusu aina za tegu, yeye ndiye alikuwa na haki.

Faida kwa wachungaji ilikuwa moja na rahisi. Kichwa cha kondoo mwenye kuzunguka usimpe mbwa. Kichome moto, au kizike chini sana mbwa asiweze kufukua. Na mbwa wa kundi apewe dawa ya tegu mara kwa mara. Mbele ya hapo wachungaji walikuwa na ufundi wao: fuko likikaa karibu na mfupa, kwa mnyama mdogo mfupa unalainika mahali pale, ukibonyeza na kidole unasikia. Wanatoboa na kisu au sindano kubwa, wanavuta maji na ngozi ya fuko. Wengine walipona, na mpaka leo waganga wa wanyama wanapasua namna ile kwa kondoo wa bei. Lakini kutoboa vichwa ni kuondoa maji mu chombo wakati bomba liko wazi. Küchenmeister alionyesha bomba liko wapi.

Sasa tunafika ku upande mweusi wa maisha yake, na hatuwezi kuupita.

Nyama ya nguruwe, ngulube yetu, inaweza kuwa na vifuko vyeupe, sawa punje za mchele au mbegu za maboga. Wauza nyama wanavijua tangu zamani. Küchenmeister aliona wazi: kama mbweha anapata tegu kwa sungura, na mbwa kwa kondoo, basi mtu anapata tegu kwa ngulube. Lakini kuona hakutoshi, ni lazima kuonyesha. Na mnyama wa kulisha safari hii alikuwa mtu. Waganga wengine waliwahi kumeza minyoo wao wenyewe kwa ajili ya elimu. Yeye alikuwa na wazo lingine tangu mbele: watu waliohukumiwa kufa.

Mwaka 1855 alipata ruhusa. Mu buloko kulikuwa mtu aliyeua, na siku zake zilikuwa zimehesabiwa. Alipewa vifuko vya ngulube, zaidi ya 70, ndani ya soseji na ndani ya supu, vimefichwa. Alikula. Nyuma ya siku chache walimkata kichwa, Küchenmeister akapasua mwili, na mu utumbo alikuta tegu wachanga 10, wadogo sana, vingine vya vichwa vyao vimeshika tayari. Kwa wenye mashaka haikutosha: minyoo ilikuwa midogo mno. Akarudia. Mwisho wa mwaka 1859 na mwanzo wa 1860 mfungwa mwingine alilishwa mara mbili. Safari hii kulikuwa miezi kati ya kulishwa na kuuawa. Tarehe 31 Machi 1860 alikufa, na mu utumbo wake walihesabu tegu 19, wengine na urefu wa metre 1 na nusu, na vipande vyenye kuiva.

Jibu lilipatikana. Lakini waganga wengine wa wakati uleule walimlaumu, na walimlaumu kwa nguvu. Walio upande wake walisema yule mtu alikuwa amekufa tayari mbele ya sheria, na tegu hakumuongezea maumivu. Sisi tunaona shauri hili namna ingine. Mtu aliye chini ya mamlaka, asiyeweza kusema hapana, ndiye wa kwanza kuulizwa akili yake, sio wa mwisho. Kama sahani ya mfungwa inafichwa kitu, kesho ni sahani ya nani? Wenye kuishi kwa posho ya mwenye kazi wanaelewa haraka. Faida ya jaribio iko, hatuikatai, na tutaieleza sasa hivi. Lakini faida haifuti namna ilivyopatikana, na mtu anayesimulia maisha ya Küchenmeister na kuruka ukurasa huu anamdanganya msomaji.

Tuseme faida yenyewe, sababu inagusa nyumba zetu. Watu wengi mu mitaa wanachanga mambo mawili. Ukila nyama ya ngulube yenye vifuko, haikuiva vizuri, unapata tegu mu matumbo. Ni taabu, lakini hauui, na dawa iko. Jambo la pili ni baya kupita, na halitoki ku nyama hata kidogo. Mtu mwenye tegu huyu anatoa mayai kila siku ku choo. Kama hakunawa mikono na anapika, au mavi yanafika mu maji na mu mboga, mayai yanaingia mu kinywa cha mtu mwingine, hata mtoto, hata mtu asiyegusa nyama ya ngulube maisha yake yote. Hapo mwili wa mtu unafanya kazi ya mwili wa ngulube, au tuseme kazi ya kondoo: yai linafunguka, damu inabeba, na vifuko vinakaa mu ubongo wa mtu. Mara nyingi vinaonekana kwa kifafa.

Shirika la afya la dunia, OMS, linasema mu sehemu zenye ugonjwa huu kwa wingi, karibu 30 kwa 100 ya watu wenye kifafa wameupata kwa njia hii. Tufikiri sasa ni vijana wangapi walioanguka mu moto, walioondolewa ku masomo, walioitwa wachawi au waliorogwa, ndugu wamegombana mpaka familia imegawanyika, na mzizi ulikuwa ngulube mwenye kutembea huru nyuma ya vyoo visivyo na mlango. Hatusemi kila kifafa ni tegu. Kiko kifafa cha kuzaliwa, cha malaria ya ubongo, cha pigo ku kichwa, na wachimbaji wanakijua hiki cha mwisho. Lakini mgonjwa wa kifafa apelekwe ku lopitalo. Na ngulube afungwe mu kizimba, choo kiwe na kifuniko, nyama ichemshwe mpaka ibadilike rangi ndani kabisa, mikono ifuliwe na sabuni mbele ya kushika unga. Vitu vya bei ndogo. Kuvuta moshi au kuchoma haraka ku makala, nje nyeusi na ndani nyekundu, haiui kifuko.

Yai la tegu wa kondoo nalo linaweza kumwingia mtu, mtoto anayecheza na mbwa, lakini ni mara chache sana. Kondoo ndiye mwenye kuumia.

Njia ile ya kuuliza, mdudu anatoka wapi, anapita wapi, analiwa na nani, ilifika mpaka chini ya ardhi wakati Küchenmeister alikuwa bado hai. Mwaka 1880 waliokuwa wanatoboa njia ya reli chini ya mlima Gotthard, ku Uswisi, walikuwa wamekauka damu, weupe ku midomo, hawawezi kupanda ngazi, na wengine walikufa. Watu walisema ni hewa mbaya ya shimo. Waganga wa Turin, Bwana Perroncito na wenzake, walitazama mavi ya wafanyakazi, wakakuta mayai ya mnyoo mwingine, mdogo, mwenye kunyonya damu. Mu shimo kulikuwa joto na maji, hakukuwa vyoo, na kila mtu alijisaidia pembeni na kukanyaga. Nyuma yake mnyoo yuleyule ulikutwa kwa wachimbaji wa makaa wa Saint-Étienne na wa Liège. Kwa hiyo mkimwona kapita anapigania choo cha chini, msimcheke.

Turudi kwa munganga wetu. Mwaka 1855 alitoa kitabu kikubwa cha minyoo na wadudu wote wenye kuishi mu mwili wa mtu, na nyuma ya miaka miwili kilitoka ku Kiingereza ku London. Ndani yake alitenga wazi tegu wa ngulube na tegu wa ng'ombe, wale ambao wengi walikuwa bado wanawachanganya. Mu kichwa cha wa ngulube kuna kulabu. Kichwa cha wa ng'ombe hakina. Ni tofauti ndogo ku darubini, kubwa ku maisha, sababu wa ng'ombe haleti vifuko mu ubongo wa mtu.

Mwaka 1859 aliacha Zittau, akahamia Dresden, mji mkuu wa Saxony. Aliendelea na uganga wake, zaidi kwa wamama na uzazi. Mu miaka ya nyuma alipata vita ingine: alitaka maiti zichomwe badala ya kuzikwa, kwa ajili ya afya ya walio hai, na aliandika na kusema sana juu ya hilo. Kwa mtu wa dini wakati ule haikuwa rahisi, makanisa hayakupenda, lakini alikuwa amezoea kusimama peke yake. Labda mtu aliyetumia maisha yake kutazama kinachotoka mu maiti za kondoo, na nani anakula kichwa kilichotupwa, alikuwa na sababu zake.

Alikufa tarehe 13 Aprili 1890 ku Blasewitz, kando ya mto Elbe, karibu na Dresden, akiwa na miaka 69. Mnyoo wa kondoo wenye kuzunguka unabeba mpaka leo jina alilolipa Leske wa Leipzig mwaka 1780, Taenia multiceps, tegu mwenye vichwa vingi. Kondoo wenye kuzunguka wangali wapo mu inchi nyingi za milima, Ethiopia kati yao, pale ambapo mbwa bado wanatupiwa vichwa.